Tulisambaza filamu Kigoma nzima, haki hatukuwa nazo

Muulize mtu yeyote wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, aliyewahi kununua filamu kwetu kwa nini kampuni ilikufa. Atakujibu haraka: wachoma CD, wale wanaonakili filamu za watu bila ruhusa. Lina ukweli jibu hilo. Lakini mimi ndiye niliyeshika daftari za hesabu tangu tunafungua hadi tunakabidhi funguo za stoo, na hesabu zinaonesha kwamba wachoma CD walitukuta tumeshachoka. Tulimalizwa na mali kauli (kumpa mtu mzigo kwa ahadi ya kulipa akishauza), nyumba iliyowekwa dhamana, na mikataba ya ukurasa mmoja. Nayaandika haya kwa ajili ya vijana wanaopiga filamu Kigoma, Kasulu na Tabora ambao wananiuliza kila mara kama inafaa wasambaze kazi zao wenyewe. Inafaa. Ila someni kwanza yaliyotukuta.

Tulianza mwaka 2008 tukiwa watatu: mimi, shemeji yangu mume wa dada, na rafiki yake aliyekuwa fundi wa kupiga video za harusi. Shemeji alikuwa na banda la video Kibirizi, pale zinapoegesha boti za vijiji vya kaskazini, kwa hiyo alijua watu wanataka kuona nini kabla hata ya Kariakoo kujua. Wakati ule kila nyumba yenye deki ilikuwa inataka filamu za Bongo, nazo zilikuwa zinatufikia zimechelewa. Msambazaji wa Dar es Salaam hakuwa na haja ya kuhangaika na Kigoma. Mzigo wake ulikuwa unaishia Mwanza au Tabora, na kutoka hapo unapita mikononi mwa watu wawili watatu, kila mmoja anaongeza chake. Reli ya kati mpaka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200. Basi nalo, kabla ya lami, lilikuwa la kulala njiani.

Tulichokifanya ni kwenda Kariakoo wenyewe, kuchukua kwa bei ya jumla, na kuhakikisha filamu mpya inafika Kigoma wiki ileile inayotoka. Mtaji ulikuwa shilingi 4,200,000, zikiwemo pesa za kiwanja alichouza shemeji. Tulisajili kampuni BRELA, ofisi ya usajili wa kampuni, tukachukua TIN (namba ya mlipakodi) na leseni, tukapanga chumba karibu na soko la Mwanga.

Reli ilitufundisha mapema. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalibomoa njia kati ya Kilosa na Gulwe, na treni ya kutoka Dar ikasimama kwa miezi. Mzigo wetu mmoja ulikaa njiani mpaka filamu zilizokuwemo zikawa zimeshaonwa na kila mtu. DVD iliyochelewa wiki sita ni sawa na dagaa wa jana: ipo, lakini hakuna anayeinyooshea mkono. Kuanzia hapo tuligawa kila mzigo, nusu basi, nusu treni, hata kama nauli ya basi iliuma.

Tulichokipatia, na ninakisema kwa sababu hakuna mtu wa Dar angekijua, ni kufuata mwezi. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavua usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, basi wavuvi wanabaki nchi kavu, mfukoni wana pesa za giza lililopita na usiku hawana kazi. Siku hizo vijiji vyote vya ufukweni vinajaa vijana, vijenereta vinanguruma mpaka usiku wa manane, mabanda ya video hayana pa kukanyaga. Tulipanga mizigo yetu kwa kalenda ya mwezi. Filamu kubwa ilifika Kibirizi siku mbili tatu kabla ya mbalamwezi, ikapanda boti kwenda Mwamgongo na Kagunga. Ya kusini tuliipakia MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikashushwa kwenye mitumbwi inayoifuata katikati ya ziwa ikifika usawa wa vijiji. Wakala wetu wa Kalya mara nyingine alilipa kwa magunia ya dagaa wakavu, na tuliyapokea, kwa sababu dagaa Mwanga ni pesa taslimu.

Kama unafikiria kusambaza chochote mkoani kwako, anza na swali hilo: pesa inaingia lini mikononi mwa watu? Urambo na Kaliua ni malipo ya tumbaku. Kwingine ni mpunga. Usipange kwa tarehe za Kariakoo.

Tarehe 7 Aprili 2012 Steven Kanumba alifariki. Ilikuwa huzuni ya nchi nzima, na kwetu ilikuja na kitu ambacho hatukuwa tumekiona: watu walitaka kila filamu aliyowahi kuigiza, hata za zamani tulizokuwa tumezisahau kwenye rafu. Wateja walitoka Bujumbura, wengine walivuka kutoka Kongo. Filamu za Kiswahili zilikuwa zinapendwa ng'ambo zote za ziwa, na bandari ya Kigoma ilituweka mahali ambapo hata msambazaji mkubwa wa Dar hakuwepo. Mwaka ule na uliofuata tuliajiri vijana, tukanunua pikipiki, tukafungua kituo Kasulu.

Ukubwa ule ulijengwa juu ya mali kauli. Mwanzoni sharti letu lilikuwa kali: wakala anachukua kopi kwa ahadi, anauza, analipa, ndipo anachukua nyingine. Hajalipa, hapati. Soko lilipochangamka mawakala wakaanza kusema, "Kaka, nipe na huu mzigo, nikirudi nalipa yote mawili." Ukikataa, anaenda kwa mshindani. Tukaanza kukubali. Kufika mwisho wa 2013 madeni yaliyoko nje yalikuwa shilingi 19,000,000, na mali iliyoko stoo haifiki 6,000,000. Yaani sehemu kubwa ya kampuni ilikuwa inatembea vijijini ndani ya mikoba ya watu wengine.

Marejesho nayo yalikuwa na ujanja wake. Wakala anarudisha kopi ambazo hazikuuzwa, kava ni letu, sanduku ni letu, ukigeuza DVD unakuta upande wa chini una rangi ya zambarau. Ya kiwandani huwa nyeupe ya fedha. Zambarau ni ya kuchoma kwenye kompyuta. Halisi imebaki kwake inazaa nyingine, wewe unarudishiwa kivuli. Nilimweka binti mmoja mezani, kazi yake ikawa kufungua kila sanduku linalorudi na kugeuza. Mnaouza bidhaa yoyote inayorudishwa, msipokee kwa kuhesabu masanduku. Fungueni.

Mwaka 2013 zikaja stempu za kodi za TRA, mamlaka ya mapato, kwenye kazi za muziki na filamu. Wengi walizilalamikia. Mimi naamini wazo lenyewe lilikuwa sahihi, kwa sababu kwa mara ya kwanza mteja aliweza kutofautisha kazi halali na isiyo halali kwa macho. Ila kwa kampuni ndogo ya mkoani ilikuwa mzigo wa safari na makaratasi: COSOTA, chombo cha hakimiliki, upande mmoja, Bodi ya Filamu upande mwingine, vyote Dar es Salaam. Na wakati huohuo tulikuwa tumeanza kutoa filamu za kwetu, zilizopigwa Ujiji na Kasulu na vikundi vya maigizo vya hapa. Hizo hazikuwa na mtu wa Dar wa kuzihangaikia. Zilikuwa zetu.

Nieleze hesabu ya kopi moja, kwa sababu ndiyo niliyotamani mtu angenionesha mimi. Kudurufu, kava, sanduku, stempu na usafiri: 1,050. Mgao wa mtayarishaji: 250. Tulimuuzia wakala 1,500, yeye akauza 2,500. Kilichobaki kwetu ni 200, na humo hujalipa pango wala mshahara. Kwa hiyo kopi moja ambayo wakala hakuilipa ilikula faida ya kopi zaidi ya sita zilizolipwa. Piga hesabu hiyo kwa biashara yako kabla hujamkopesha mtu. Ungekuta faida ni nusu ya bei, mali kauli ingevumilika. Kwa faida ya namna hii, haivumiliki.

Badala ya kubana madeni, kampuni ilikopa. Shilingi 15,000,000 kutoka taasisi moja ya fedha, kwa ajili ya kudurufu filamu tatu za hapa kwa mkupuo. Dhamana ikawa nyumba ya shemeji ya Mwandiga. Sheria inataka mwenzi wa ndoa akubali kwa maandishi nyumba ya familia inapowekwa rehani, kwa hiyo fomu ilipelekwa kwa dada yangu. Alikuwa anachambua mchicha. Aliisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, kisha akaniangalia mimi, siyo mumewe: "Wewe ndiye unayeandika madaftari. Pesa hii inarudi?" Nikamwambia inarudi, kwa sababu madeni ya nje yalikuwa makubwa kuliko mkopo. Akafuta mikono, akasaini.

Kampuni ya hisa inakulinda: ikianguka, wadai wanashika mali za kampuni, siyo kitanda chako. Siku unapoweka nyumba dhamana, ulinzi huo umeuondoa mwenyewe kwa kiasi cha mkopo. Na deni lililoko kwa mawakala siyo pesa. Usilihesabu kama pesa mbele ya mtu anayekuamini.

Mwezi Aprili 2015 machafuko yalianza Burundi. Mwezi uliofuata maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa wamebanana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa, kipindupindu kikaingia, na MV Liemba ikawa inawaleta Kigoma. Walipokelewa uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Nilikwenda na wanawake wa kanisani kwetu kupeleka uji na nguo za watoto. Kwenye foleni ya maji nikaitwa, "Dada! Dada wa filamu!" Alikuwa mteja wetu wa Bujumbura, mama aliyekuwa na duka zuri na aliyelipa vizuri kuliko wengi wa huku. Alikuwa amebeba mtoto ambaye siyo wake. Kabla sijamaliza kumpa pole akaanza, "Daftari langu limebaki nyumbani, lakini deni nalikumbuka. Ni laki sita na arobaini." Nilimwambia hapa hakuna deni. Akakataa, akasema ataandika, nimtafutie karatasi. Nililia palepale, na sioni aibu kusema. Jioni nilimweleza shemeji, akachukua kalamu nyekundu akalikata jina lake kwenye daftari bila kuuliza swali.

Soko la ng'ambo lilikatika hivyo. Hatukuwa tumelijumlisha kwenye hatari yoyote, na sidhani kama tungeweza. Lakini karibu theluthi ya mauzo yetu ilikuwa inavuka ziwa, na mkopo ulikuwa unadai kila mwezi bila kujua habari za Burundi.

Ndipo wanapokuja wachoma CD, ambao kufikia hapo hata CD walikuwa wameshaziacha. Simu za kioo zilikuwa zimeenea. Kijana anakaa na kompyuta moja pembeni ya soko, mteja analeta flashi au memori kadi, anajaziwa filamu moja kwa 500. Filamu yetu ya Ujiji, iliyotugharimu miezi ya kazi, nikaikuta kwenye orodha yake imeandikwa kwa chaki.

Tulikwenda kushitaki. Afisa aliyetupokea alikuwa mstaarabu. Aliuliza, "Mama, karatasi inayoonesha kazi hii ni yako iko wapi?" Kwa filamu za Dar nilikuwa na risiti za kununulia kopi. Risiti ya kopi haikupi haki ya kazi. Kwa filamu ya Ujiji nilikuwa na mkataba, na mkataba wenyewe ulisema tumepewa "kuuza DVD". Basi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwenye haki na yule aliyepewa leseni na mwenye haki. Kuuza DVD tulipewa. Kuzuia mtu asiweke filamu kwenye flashi, hakuna mahali palipoandikwa. Mtayarishaji ndiye aliyetakiwa kusimama, naye alikuwa Dar akitafuta maisha.

Tulirudi tukafanya kitu ambacho kilitusaidia kidogo. Tuliwafuata watayarishaji wa hapa mmoja mmoja, tukaongeza kwenye mikataba haki ya kutoa leseni kwa vibanda vya flashi. Halafu tukawafuata wale vijana wa kompyuta: lipa 10,000 kwa mwezi, filamu mpya za hapa unaletewa safi, mapema, na jina lako linabandikwa ukutani kuwa wewe ni halali. Baadhi walikataa. Wengine walikubali, na walilipa kwa uaminifu kuliko mawakala wetu wa mali kauli. Kwa maoni yangu wale vijana hawakuwa maadui wa filamu. Walikuwa wasambazaji ambao hakuna aliyewapelekea mkataba. Tungewapelekea mwaka 2012, habari hii ingekuwa nyingine.

Upande wa televisheni nao ulikuwa umefunguka. Azam TV ilianza mwishoni mwa 2013, ving'amuzi vikafika hadi vijijini, na filamu za Kiswahili zikawa na mnunuzi mpya anayelipa kwa mkupuo. Mtayarishaji mmoja wa Kasulu, ambaye tulimlipia hadi nauli za wasanii, aliuza filamu yake kwenye televisheni. Alikuja mwenyewe kutuambia, kwa heshima. Hatukupata hata shilingi, na kwa mkataba ule hatukustahili. Sikumlaumu.

Sasa kuhusu mikataba, maana ndiyo kiini. Wapo wasambazaji waliokuwa wanalipa mara moja na kuchukua kazi yote, milele, kila njia. Wale walikuwa na haki mikononi, lakini waliwaacha wasanii maskini, na sitaki kijana yeyote aige hilo. Sisi tulikimbilia upande wa pili, tukaandika kidogo mno kwa kuogopa kuonekana wezi. Njia ya katikati ipo. Andika muda, mathalani miaka mitano, kisha haki zinarudi kwa mwenyewe. Andika eneo. Taja kila njia kwa jina: DVD, flashi, mabanda ya video, televisheni, mtandao, na njia zitakazokuja baadaye mtakubaliana vipi. Andika mgao kwa asilimia kwa kila njia, kwa sababu kazi ya kuuza televisheni siyo sawa na kazi ya kupeleka maboksi Kalya. Andika hesabu zinatolewa lini na mtayarishaji ana ruhusa ya kuja kukagua daftari. Andika nani anatunza masta, yaani nakala mama ya filamu. Na muziki! Filamu zetu nzuri mbili zilikataliwa na wanunuzi kwa sababu ndani yake kulikuwa na nyimbo za watu zisizo na kibali. Mwanasheria wa Kigoma mjini alinitoza 150,000 kuandaa mkataba wa namna hii, nikaona ni ghali. Kwa mkopo wa milioni kumi na tano!

Mwaka 2018 tulifunga. Taasisi ilishaanza kutaja mnada. Ushauri alioutoa mzee mmoja wa mtaa, dalali wa viwanja, ndio uliotusaidia: nendeni mkaombe kuuza wenyewe kabla hawajauza wao, kwa sababu nyumba ya mnada hununuliwa kwa bei ya kutupa. Tuliomba kwa barua, tukapewa muda, nyumba ikapata mnunuzi wa haki. Mkopo ukaisha na kikabaki kiasi cha kununulia kiwanja kidogo. Dada alihamia vyumba vya kupanga Gungu na wanawe wanne. Kwa muda mrefu aliniitikia salamu tu. Nilikuwa nampelekea sehemu ya mshahara wangu wa ualimu kila mwezi bila kusema neno, na taratibu tumerudi kuwa ndugu. Hakuna filamu niliyoisambaza iliyonigharimu kama ukimya ule.

Mkifunga kampuni, msiishie kufunga mlango. Iandikieni TRA barua kwamba biashara imesimama, la sivyo makadirio ya kodi yanaendelea kuja. BRELA nako taarifa za mwaka zinadaiwa, na faini zinapanda, mpaka kampuni ifutwe rasmi. Sisi tulikaa tukidhani kimya kinatosha, tukaja kulipa faini za kampuni isiyouza kitu.

Kilichobaki ni masta. Ndani ya kabati langu kulikuwa na kanda za MiniDV na DVD za kuchoma za filamu za Ujiji, Kasulu na Uvinza ambazo hazipo mahali pengine popote duniani. Baadhi zilikuwa zimeanza kukataa kusoma. Yule fundi wa harusi, mwenzetu wa tatu, amezihamisha zilizopona kwenye diski mbili, moja iko kwake na nyingine kwangu. Watayarishaji watatu wameshasaini upya, kwa mkataba wenye vipengele vyote nilivyovitaja, na mgao wa televisheni na mtandao wa asilimia 70 kwao na 30 kwetu. Mmoja wa Ujiji alishafariki. Kwa yule tunasubiri familia imteue msimamizi wa mirathi na mahakama imthibitishe, kwa sababu saini ya mtoto mkubwa peke yake, hata awe na nia njema kiasi gani, haitoshi kumuuzia mtu filamu ya marehemu.